Zahanati ya Ukurasa wa Nne

Si zamani sana, wala si mbali sana, ingawa ukiitafuta kwenye ramani utajisumbua bure, ipo nchi inayoitwa Jamhuri ya Mbelekwambele. Ni nchi ya amani na watu wake wamezoea. Wamezoea nini, hilo hawajaulizwa.

Nchi hiyo ilikuwa na Mtambo wa Taifa wa Kutafuta. Ulikuwa mmoja tu, kwa sababu serikali ilikwishaona jinsi watu wa nchi nyingine wanavyohangaika wakiwa na mitambo miwili: huku wanaambiwa hivi, kule wanaambiwa vile, mwisho wanaanza kufikiri. Raia wa Mbelekwambele akitaka fundi bomba, mchumba au bei ya vitunguu, aliandika kwenye Mtambo, nao ukamletea majibu kumi ukurasa wa kwanza, mengine kumi ukurasa wa pili, na kuendelea mpaka achoke mwenyewe.

Kisha Bunge likapitisha Sheria ya Kuonekana, kwa kauli moja, wabunge wakigonga meza hadi moja ikavunjika mguu. Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Kinachoonekana ukurasa wa kwanza kipo. Cha ukurasa wa pili kinatuhumiwa kuwepo. Kuanzia ukurasa wa tatu hakipo, na serikali haiwezi kupoteza bajeti kwa kisichokuwepo. Mtu yeyote mwenye nia njema ataona kwamba sheria hii ilirahisisha mambo mengi.

Kilua Semtawa hakuwa na ugomvi nayo, maana ndiyo iliyomlisha. Alikuwa mpandishaji katika Kampuni ya Kileleni. Kazi yake ilikuwa kuchukua kitu cha mteja kilichozama ukurasa wa saba na kukiinua, pole pole, kwa maneno na picha, mpaka kikae pazuri. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amepandisha viwanda vya magodoro, waganga wa nguvu za kiume, na mbunge mmoja ambaye hata mkewe alikuwa hamwoni.

Fani ya upandishaji ilikuwa na ugumu mmoja tu: hakuna aliyejua Mtambo unapangaje. Wahandisi walioujenga walikwishastaafu, na waliobaki waliuogopa. Kwa hiyo mteja akiuliza, “Kwa nini jana nilikuwa wa tatu na leo ni wa themanini?” jibu la kitaalamu lilikuwa moja, “Inategemea.” Wafanyakazi wapya walifundishwa kulitamka kwa wiki mbili nzima, pamoja na namna ya kukunja uso.

Kila Jumatatu lilitoka Jarida la Wapandishaji, na hakuna aliyekunywa chai kabla ya kulisoma. Mabadiliko ya Mtambo yalipewa majina ya mashemeji wa Mtukufu Rais, kwa hiyo jarida liliandika habari kama hizi: “Sasisho la Shemeji Mkubwa limeanza. Wataalamu wasema hawajui kilichobadilika, wawashauri wateja waongeze bidii.” Wiki iliyofuata: “Sasisho la Shemeji Mkubwa limekamilika. Wataalamu wathibitisha kwamba kweli hawakujua.”

*

Sasa, nyumbani kwa Kilua kulikuwa na jambo. Mkewe Mwanaidi alikuwa na mimba ya miezi minane na nusu, ya kwanza baada ya miaka tisa ya ndoa. Miaka tisa ya kuulizwa na mawifi, na ya majirani kunyamaza akipita. Alihudhuria kliniki Zahanati ya Bondeni, hatua mia mbili kutoka mlangoni kwao: vyumba viwili, benchi moja, na Bi Staamili, muuguzi mkunga, mwanamke mwenye mikono ya dhahabu na ulimi wa pilipili. Nusu ya mtaa ilipokewa duniani na mikono hiyo. Nusu nyingine ilitukanwa na ulimi huo ikiwa inakuja.

“Mtoto kakaa vizuri,” Bi Staamili alimwambia Mwanaidi Jumatatu moja, “ila mtundu, anazunguka sana. Ukisikia uchungu uje hapa hapa. Usiniletee mambo ya kusubiri mume amalize kunywa chai.”

Mwanaidi alicheka njia nzima. Alipofika nyumbani alimkuta Kilua ameshika jarida, na chai yake imepoa.

Ukurasa wa mbele wa jarida ulikuwa na waraka wa Wizara ya Mwonekano. Zahanati zote za Jamhuri zilitakiwa, ifikapo Ijumaa saa sita mchana, ziwe zinaonekana ukurasa wa kwanza mtu akitafuta neno “zahanati.” Zisizoonekana zitawianishwa na hali halisi.

Kilua aliitafuta Zahanati ya Bondeni, akaikuta ukurasa wa nne. Hakuna mtu wa Bondeni aliyewahi kulijua hilo, kwa sababu hakuna mtu wa Bondeni aliyewahi kuitafuta. Walijua ilipo.

Na ukurasa wa kwanza? Ulikuwa umejaa zahanati tele. Waziri afungua zahanati. Waziri akagua zahanati aliyoifungua. Waziri asikitishwa na zahanati, atoa siku saba. Hotuba ya Waziri kuhusu zahanati, sehemu ya kwanza mpaka ya sita. Na mwisho kabisa, tangazo la sabuni. Kilua alihesabu majibu kumi na hakupata kitanda hata kimoja.

*

Jumanne ilikuwa siku ya Kongamano la Taifa la Wataalamu wa Utafutaji, na Kilua alikwenda na dukuduku lake moyoni. Alivishwa kitambulisho shingoni, akapewa mkoba wenye kalamu na chupa ya maji yenye picha ya Mtambo. Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Profesa Mhandisi Sifaeli Kongole, Waziri wa Mwonekano, aliyechelewa saa tatu tu.

“Ndugu wapandishaji!” alinguruma. “Nchi nyingine zinajenga zahanati. Sisi tumevuka hatua hiyo. Sisi tunajenga mwonekano wa zahanati! Zahanati ya matofali inahudumia mtaa mmoja. Zahanati inayoonekana inahudumia taifa zima kwa mpigo, tena bila kuchakaa, bila popo darini, bila wauguzi kudai posho!”

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Kilua naye alipiga, kwa sababu mikono ilikwishazoea, kisha akainua mmoja.

“Mheshimiwa,” alisema, “zahanati ambayo ina wagonjwa kila siku, mkunga yupo, dawa zipo, inawezaje kuwa haipo?”

Waziri alimtazama kwa upendo mkubwa.

“Swali zuri sana,” alisema. “Maswali kama haya ndiyo yanayotufanya tuitishe makongamano.”

Ukumbi ulipiga makofi kwa mara ya pili, na mshereheshaji akatangaza kwamba chakula kiko tayari.

*

Kilua alimwomba mkurugenzi wake, Bwana Athanasi Ngwembe, ruhusa ya siku mbili. Akaenda na kompyuta yake kwenye benchi la zahanati, akakaa kati ya mama mwenye homa na mtoto mwenye mba.

“Nesi,” alimwambia Bi Staamili, “mimi nimeuchunguza Mtambo miaka kumi na moja. Unapangaje sijui. Lakini najua kitu kimoja unachokipenda.”

“Nini? Dua?”

“Utepe.”

Bi Staamili alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu.

Lakini Kilua hakuwa anatania. Picha zote za ukurasa wa kwanza zilikuwa na utepe unaokatwa. Basi Jumatano hiyo Bi Staamili alikata utepe wa kabati la dawa, Kilua akapiga picha. Alikata utepe wa ndoo ya kunawia. Alikata utepe wa mgonjwa wa malaria kabla ya kumdunga sindano, na mgonjwa akatoa neno la shukrani. Mkasi ulikuwa ule ule wa kukatia kitovu, ukachemshwa kila baada ya ufunguzi, kwa sababu Bi Staamili alisema upuuzi hauna budi kuwa msafi.

Kufikia Alhamisi asubuhi zahanati ilikuwa ukurasa wa pili, nafasi ya kumi na moja. Ilikuwa sasa inatuhumiwa kuwepo. Maafisa wawili wa Wizara walifika kuchunguza tuhuma hizo. Walikaa kwenye benchi, mmoja akapimwa shinikizo la damu, akapewa vidonge, akameza. Kisha wakaandika kwamba ushahidi hautoshi.

Nafasi moja tu. Kilua alibadilisha maneno, akabadilisha picha, akamvalisha Bi Staamili kofia ya ujenzi. Nafasi ya kumi ilishikwa na sabuni, nayo haikutikisika. Saa nane mchana Mwanaidi alimletea chakula, tumbo likimtangulia, akaketi kwa shida.

“Kilua, kama haiwezekani sema. Nitajua pa kwenda.”

“Utakwenda wapi?”

Mwanaidi alimsogezea chakula. Hospitali ya wilaya iliwianishwa na hali halisi mwaka juzi.

*

Kila fani ina mwiko wake. Mwiko wa wapandishaji ni kuwatuma watu wabofye, kwa sababu Mtambo huwa unajua. Kilua alikuwa amewafundisha vijana wengi mwiko huo. Lakini hofu ilikuwa imemkaba, na mfa maji haachi kutapatapa.

Alizunguka Bondeni nzima nyumba kwa nyumba. Alianza kwa Bi Mwantumu muuza vitumbua, akaendelea kwa mafundi cherehani, kwa bodaboda, kwa walimu. Maelezo yake yalikuwa ya kitaalamu: “Andika zahanati. Shuka mpaka ukurasa wa pili. Utaiona ya Bondeni, bofya, kaa ndani dakika mbili, utoke. Saa kumi kamili, wote.”

Watu walikubali kwa moyo mmoja. Saa kumi kamili simu mia nne na ushee ziliwashwa.

Hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo lisingetokea mahali pengine popote. Watu wa Bondeni ni watu waliolelewa. Kuingia mahali pa watu bila hodi, tena ndani mna wanawake wanaojifungua? Nani kawazaa? Basi kila mmoja, kabla ya kubofya, aliandika kwenye Mtambo, “Hodi zahanati ya Bondeni.” Mtambo haukusema karibu. Wakaandika mara ya pili, “Hodi.” Kimya. Mara ya tatu, “Hodi jamani.” Kimya. Na kila mtu anajua kwamba ukipiga hodi tatu usijibiwe, unaondoka zako. Wakaondoka, wote, bila kubofya. Walio na moyo zaidi walirudi baada ya robo saa kujaribu tena.

“Wenyewe hawapo,” Bi Mwantumu alimweleza Kilua kwa masikitiko. “Tumebisha mpaka basi.”

Kilua alishika kichwa. Hakuwaambia wasipige hodi, kwa sababu nani humwambia mtu mzima jambo kama hilo? Na pia, tuseme ukweli, alikuwa ameishi ndani ya Mtambo miaka kumi na moja bila kubisha hata siku moja, mpaka akasahau kwamba watu hubisha.

*

Barua ilifika Ijumaa saa tano na nusu. Wizara ilisema kwamba Mtambo umepokea mashambulizi ya adabu yaliyoratibiwa. Watu zaidi ya mia nne kuugonga mlango wa serikali kwa pamoja, mara tatu tatu, kisha kutoweka, ni nini kama si uvamizi? Tena Mtambo wenyewe ulitoa hitimisho lake: mahali ambapo watu mia nne wanafika na kugeuka mlangoni hapafai. Zahanati ya Bondeni iliondolewa ukurasa wa pili, na wa nne, na kurasa zote.

Saa sita mchana walikuja na mabati. Hawakuifunga zahanati, kwa sababu huwezi kufunga kisichokuwepo. Waliizungushia uzio tu, ili wananchi wasipotoshwe na macho yao. Bi Staamili alipewa karatasi ya kuripoti kesho yake wizarani, upande wa pili wa mji, kwenye Dirisha la Watumishi Wasiokuwepo, ambalo lilifunguliwa hata Jumamosi kwa wingi wa wateja.

“Nikichelewa?” aliuliza.

“Utahesabiwa mtoro,” afisa alimjibu.

*

Uchungu ulimshika Mwanaidi Jumamosi saa mbili asubuhi. Kilua alimpigia Bi Staamili, lakini wizarani simu huachwa getini. Akamwegemeza mkewe begani, hatua mia mbili, na wakasimama mara tano. Mbele ya mabati palikuwa na askari kijana.

“Afande, mke wangu anajifungua.”

“Pole sana, kaka. Mpeleke zahanati.”

“Zahanati si hiyo nyuma yako?”

Askari hakugeuka.

“Usinitie majaribuni, kaka yangu. Mimi mwenyewe nimezaliwa humo. Lakini nimeambiwa nilinde uwanja mtupu. Nikigeuka nikaona nyumba, kwenye ripoti nitaandika nini?” Macho yalimjaa maji. “Tafuta kwenye Mtambo. Utakuonyesha ya karibu.”

Aliwasaidia kusimamisha bajaji. Alibeba hata mfuko wa nguo za mtoto, akauweka vizuri mapajani mwa Mwanaidi.

Kilua alitafuta. Jibu la kwanza lilikuwa Jumba la Kumbukumbu ya Ufunguzi wa Zahanati, na huko ndiko bajaji ilikowapeleka. Lilikuwa jumba safi, lenye ubaridi mzuri, kuta zote picha: Waziri na utepe, Waziri na utepe, Waziri na utepe. Katikati palikuwa na kitanda kimoja, kile kilichotumika katika ufunguzi wote, kimezungushiwa kamba na kibao cha USIGUSE.

“Karibuni sana,” alisema mhudumu, dada mmoja mwenye sare. “Watu wazima wawili?” Kisha akamwona Mwanaidi vizuri. “Yarabi!”

Hakuwa mtu mbaya. Alifunga mlango wageni wengine wasiingie, akafungua ile kamba, akamshika Mwanaidi mkono na kumwita dada yangu, dada yangu. Lakini hakujua kuzalisha. Kazi yake ilikuwa kueleza picha.

Mtoto alikuja saa nne kasorobo. Alikuwa wa kike, mwenye nywele nyingi, na kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni mara mbili. Ni jambo dogo, wakunga wanasema. Bi Staamili alikuwa amelifungua mara zisizo na idadi, huku akimtukana baba. Saa ile alikuwa mtu wa sabini na tatu kwenye foleni.

Kilua hakujua ashike wapi. Akafanya jambo pekee alilolijua duniani. Alitoa simu akaandika: kitovu kimezunguka shingo ya mtoto. Mtambo ukajibu mara moja, haukuwahi kuchelewa. Waziri asisitiza umuhimu wa kitovu kwa taifa. Waziri akutana na watoto. Akashuka. Hotuba. Akashuka tena, mpaka jibu la kumi. Akafungua ukurasa wa pili, vidole vikiteleza kwa jasho. Alikuwa anafungua ukurasa wa tatu wakati mhudumu alipomgusa bega na kumwambia, taratibu, aache.

*

Jumatatu Kilua alikwenda kuomba kibali cha mazishi. Karani alimsikiliza kwa heshima zote, akatafuta kwenye Mtambo, akatafuta tena.

“Alizaliwa wapi?”

“Jumba la Kumbukumbu.”

“Pale hapazaliwi mtu, mzee. Ni makumbusho.” Alifikiri, maana alitaka kusaidia. “Kwa kanuni zetu, ili mtu afe lazima kwanza awe ameonekana. Kwa hiyo kiserikali ninyi hamjafiwa. Kibali hakihitajiki. Zikeni tu.”

Wakamzika Bondeni, na mtaa wote ulikuja. Bi Staamili alisimama mwisho kabisa, kimya, na hakuna aliyewahi kumwona kimya kabla ya siku hiyo.

Alhamisi Kilua alirudi kazini. Bwana Ngwembe alimpa pole, pole ya kweli, akamshika mkono kwa muda mrefu. Halafu akamwekea faili mezani, kwa sababu mteja alikuwa mkubwa na hakungoja. Ilikuwa taarifa ya Wizara: tangu zahanati ziwianishwe na hali halisi, Jamhuri ya Mbelekwambele haijapoteza mtoto mchanga hata mmoja. Sifuri. Haijawahi kutokea popote duniani. Ilitakiwa iwe nafasi ya kwanza kabla ya mkutano wa wafadhili.

Msomaji atauliza kwa nini hakukataa. Hata sisi tulijiuliza. Lakini mtu aliyechoka sana hufanya kile ambacho mikono yake inakijua. Kilua alipanga maneno, akaweka picha, na baada ya siku tatu sifuri ile ilikaa kileleni bila kutikisika. Jarida la Wapandishaji liliiita kazi ya mfano.

Jioni aliporudi alimkuta Mwanaidi uani, ameshika simu.

“Nimemtafuta Mwanakheri,” alisema. Ndilo jina walilompa.

Kilua akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

“Mtambo umeniletea mawaziri,” Mwanaidi alisema. “Kisha ukaniletea ile yako ya sifuri.” Hakusema kwa hasira, na bora angekasirika. “Wewe si ndiye unayepandisha watu? Mtie na yeye. Sitaki ukurasa wa kwanza, mume wangu. Mweke wa mia mbili, wa mia tatu, popote pale. Nitafungua mmoja mmoja mpaka nimfikie. Mimi sina kazi nyingine.”

Kilua alijua kwamba Mtambo hukata kurasa ukifika wa arobaini. Alimwambia atajaribu kesho asubuhi, akifika tu ofisini. Mwanaidi aliitikia kwa kichwa, akainuka, akaenda kuanika nguo ndogo ndogo alizozifua tena siku hiyo, ingawa hazikuwa na uchafu wowote.